Picha Safi Huanzia Juu ya Paa

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zinazotazama televisheni kwa antena zina malalamiko yale yale: picha inaganda, sauti inakatikakatika, chaneli zilizokuwapo jana leo hazionekani. Lawama ya kwanza hukiangukia king'amuzi, au dikoda kama wanavyoiita Kenya. Kikibadilishwa na tatizo likabaki, lawama huhamia kwa kituo cha matangazo, kisha kwa hali ya hewa. Ni mara chache mtu huinua macho kutazama kilichoko juu ya paa lake. Na mara nyingi juu ya paa hakuna kitu, kwa sababu antena iko sebuleni, imebanwa kati ya ukuta na kabati la televisheni.

Ninachosimamia katika uchambuzi huu ni kwamba kwa anayepokea matangazo kutoka mnara wa ardhini, mambo matatu ya kawaida ndiyo huamua picha: mahali antena ilipo, upande inakoelekea, na waya unaoiunganisha na televisheni. Vifaa vinavyouzwa kwa ahadi kubwa, hasa busta, huja baada ya hayo, na visipowekwa kwa maarifa huharibu kuliko kusaidia. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu matangazo ya bure ya ardhini ndiyo televisheni ya mtu asiyemudu kulipia kifurushi kila mwezi.

Dijitali haina chenga

Enzi za analojia mawimbi yalipopungua, picha iliingia chenga, rangi zilififia na vivuli vilijitokeza kando ya sura za watu, lakini taarifa ya habari ilisikika hadi mwisho. Kabla ya mwaka 1994, Tanzania Bara ikiwa bado haina kituo chochote cha televisheni, waliokuwa na milingoti mirefu Dar es Salaam walielekeza antena zao baharini wakainasa Televisheni Zanzibar. Picha ilikuwa hafifu, na ilitazamika.

Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, uliweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika eneo letu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijiwekea lengo la mapema zaidi, mwisho wa mwaka 2012. Tanzania ililifuata: Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Kenya ilipitia mahakamani kwanza. Februari 2015, katikati ya mvutano kati ya mamlaka ya mawasiliano na vyombo vikubwa vya habari, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu, na mamilioni ya watazamaji wakaingia zama za dijitali huku vioo vyao vikiwa vyeusi.

Elimu iliyotolewa wakati ule ilihusu zaidi ununuzi wa ving'amuzi. Tabia ya mawimbi yenyewe haikupewa nafasi ya kutosha. Mfumo wa DVB-T2, ambao ndio unaotumika sasa katika ukanda huu, hupeleka picha kama mfululizo wa tarakimu, zikiambatana na tarakimu nyingine za kusahihishia makosa. Makosa yakiwa machache, king'amuzi huyasahihisha yote na picha hutoka safi kabisa, hata kama mawimbi ni dhaifu. Makosa yakivuka kiwango fulani, usahihishaji hushindwa: picha hugawanyika vijimraba, huganda, kisha hupotea. Kati ya picha safi na kioo cheusi panaweza kuwa na tofauti ya desibeli moja au mbili tu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Nyumba inayoishi kwenye ukingo huo hutazama vizuri asubuhi, jioni ikakosa. Mvua ikinyesha, upepo ukitikisa mnazi wa jirani, au lori likipita barabarani, chaneli huondoka. Kwa hiyo mtu anayeboresha antena hatafuti picha nzuri zaidi, maana picha ya dijitali ikishakuwa safi haiongezeki usafi. Anatafuta akiba: nguvu ya ziada juu ya kile kiwango cha chini, ili mawimbi yakipungua kidogo picha ibaki palepale. Kila uamuzi unaofuata, kuanzia mlingoti hadi konekta, ama unaongeza akiba hiyo ama unaitumia.

Kimo na vizuizi

Matangazo ya dijitali ya ardhini husafiri zaidi katika masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Urefu wa wimbi moja katika masafa hayo ni kati ya sentimita 43 na 64 hivi. Mawimbi mafupi namna hii hufuata karibu mstari ulionyooka. Hujipinda kidogo tu kwenye kilele cha kilima, hudhoofika yakipita kwenye ukuta wa matofali, na yakikutana na bati huakisiwa. Antena iliyofichwa darini chini ya mabati, hata iwe ya bei kubwa, imewekewa kizuizi juu ya kichwa chake. Chini ya makuti au vigae vya udongo hali huwa na nafuu, ila si sawa na kuwa nje.

Watu wengi hudhani faida ya kupandisha antena ni kuona mbali zaidi. Hesabu inaonyesha vingine. Mnara wenye kimo cha mita 150 juu ya ardhi tambarare humulika hadi kilomita 50 hivi kabla mviringo wa dunia haujaanza kuzuia. Antena iliyo mita 4 kutoka ardhini huongeza kilomita 8 juu ya hizo. Ikiwa mita 9, huongeza kilomita 12. Tofauti ni kilomita nne tu. Faida kubwa ya kimo ni kuvuka vilivyo karibu: paa la jirani, ghorofa lililoota mwaka jana mbele ya nyumba, miembe na mikorosho ya uani. Mahali penye uwazi, kuzidisha kimo mara mbili huweza kuongeza hadi desibeli 6 hivi, yaani nguvu mara nne. Hakuna busta inayoleta faida hiyo bila gharama ya umeme na bila kuongeza kelele.

Majani yanastahili kutajwa peke yake. Majani makavu hunyonya mawimbi kiasi. Yaliyolowa hunyonya zaidi. Picha ikipotea wakati wa mvua kisha ikarudi jua linapotoka na majani kukauka, mshukiwa ni mti ulio njiani. Ikipotea na mvua lakini ikakaa siku mbili tatu kabla ya kurudi, mshukiwa ni maji yaliyoingia kwenye waya. Kutofautisha dalili hizo mbili humwokoa mtu asikate mwembe usio na hatia.

Jiografia nayo ina kauli yake. Nairobi ina bahati ya kuwa na minara ya Limuru, mahali palipo juu ya jiji kwa takriban mita 500, kwa hiyo nyumba nyingi zinaweza kuelekeza antena kaskazini magharibi na kupokea vizuri. Mlima Vuria huko Taita, wenye zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, umebeba minara kwa sababu hiyohiyo. Lakini mlima unaomulika upande mmoja hutia kivuli upande mwingine. Anayeishi ndani ya mabonde ya Usambara au nyuma ya mgongo wa Uluguru anaweza kuwa karibu na mji wenye mnara na bado asipate kitu.

Antena ya kuchagua

Antena inayoonekana zaidi kwenye mapaa yetu, ile ya mhimili mrefu uliopangwa fimbo fupi fupi, ilivumbuliwa Japani katika Chuo Kikuu cha Tohoku miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na ndiyo maana huitwa Yagi. Nyuma yake kuna wavu au fimbo za kuakisi; mbele ya hapo kuna fimbo inayopokea, ambayo waya huungwa kwake; halafu zinafuata fimbo za kuelekeza. Zikiongezeka fimbo za kuelekeza, antena hupokea kwa nguvu zaidi kutoka upande mmoja na kupuuza pande nyingine. Ipo pia ile yenye fimbo zinazopungua urefu taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Nguvu yake ni ya wastani, lakini hupokea masafa yote kwa usawa. Na ipo ya wavu bapa, inayovumilia makosa madogo ya kuelekeza.

Nyumba iliyo ndani ya kilomita 15 au 20 kutoka mnarani, pasipo na vizuizi, hutosheka na antena ndogo ya nje. Ya mbali huhitaji Yagi ndefu. Hakuna sababu ya kununua kubwa kuliko inayohitajika, kwa kuwa antena ndefu hushika upepo, na upepo wa kusi huko pwani hukunja mlingoti dhaifu.

Neno "dijitali" lililoandikwa kwenye boksi lisimhadae mtu. Antena haitambui kama wimbi limebeba analojia au dijitali. Inatambua masafa tu. Antena ya zamani ya UHF iliyo nzima bado inafaa. Isiyofaa ni ile ya fimbo ndefu za karibu mita nzima au zaidi, iliyotengenezwa kwa masafa ya chini ya VHF. Kipimo rahisi ni fimbo zenyewe: za UHF ni takriban nusu ya wimbi, yaani sentimita 20 hadi 32 hivi.

Kuelekeza kwa subira

Kosa la kwanza paani ni kuigeuza antena kinyume. Upande wa fimbo fupi ndio unaotazama mnara, na wavu unakaa nyuma. Kosa la pili ni kuilaza wakati mawimbi yamesimama, au kuisimamisha wakati mawimbi yamelala. Fimbo zinapaswa kulala au kusimama sawasawa na mawimbi yanavyorushwa kutoka mnarani, na njia fupi ya kujua ni kutazama antena za majirani wanaopata picha nzuri.

Baada ya hapo kazi hufanywa na watu wawili, mmoja paani na mwingine mbele ya televisheni akiwa amefungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi.

"Hapo vipi, mama?"

"Imepanda, fundi. Sitini."

"Nguvu au ubora?"

"Nguvu."

"Nisomee ubora."

Fundi huyo anajua kazi yake. Ukurasa ule huonyesha mistari miwili. Wa nguvu unasema ni kiasi gani cha mawimbi kinachoingia, pamoja na kelele na uchafu wake. Wa ubora unasema ni kiasi gani kinachosomeka. Picha hutegemea ubora. Antena izungushwe kidogo kidogo, kisha mtu asubiri sekunde kadhaa, kwa sababu king'amuzi huchelewa kusoma badiliko. Anayezungusha kwa haraka hupita mahali pazuri bila kujua.

Kuisogeza antena nusu mita kulia, kushoto au juu nako hubadilisha mambo. Mawimbi yanayotoka mnarani moja kwa moja hukutana na yaliyoakisiwa na mabati na kuta. Pengine hujumlishana, pengine hufutana. Kwa kuwa wimbi lenyewe ni la nusu mita hivi, mahali pabaya na pazuri panaweza kuwa kwenye paa lilelile, hatua moja tu kati yake.

Kazi ikiisha, chaneli zitafutwe upya. Utafutaji wa kujiendesha huacha chaneli ambazo mawimbi yake yalikuwa dhaifu wakati huo, kwa hiyo utafutaji wa mkono ni bora pale mtu anapojua namba ya chaneli ya masafa. Hesabu yake ni nyepesi: toa 21 kwenye namba hiyo, zidisha kwa 8, jumlisha 474. Chaneli ya 30 ni megahezi 546.

Waya unaokula akiba

Kebo ya kawaida ya televisheni, RG-6 yenye omu 75, hupoteza takriban desibeli 5 katika mita 30 kwenye masafa haya. Hiyo ina maana kwamba karibu theluthi moja tu ya nguvu iliyonaswa paani ndiyo inayofika sebuleni. Kigawanyio cha televisheni mbili huondoa desibeli 4 hivi nyingine. Sasa iliyobaki ni kama sehemu moja ya nane. Familia iliyonunua antena kubwa, ikavuta waya mwembamba kuzunguka nyumba nzima na kugawa kwa vyumba viwili, imekula faida yote ya antena kabla picha haijafika.

Waya uwe mfupi, uwe wa RG-6 yenye ngao iliyosukwa vizuri, na usiungwe kwa kusokota nyuzi na kufunga plasta. Ungio la namna hiyo hupoteza nguvu na kuruhusu mawimbi ya simu kuingia.

Pwani kuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Fungua konekta iliyokaa nje bila kufunikwa kwenye nyumba ya Tanga au Malindi: waya wa shaba wa katikati umeota kijani, nyuzi za alumini za ngao zimekuwa unga mweupe, na ukikamua kebo tone la maji hutoka. Maji yakishaingia ndani ya kebo hufuata ngao kwa mita kadhaa, na kubadilisha konekta peke yake hakutoshi; kipande chote kilicholowa kikatwe. Kinga yake ni rahisi: konekta ifungwe utepe wa mpira unaojishikiza, na waya uachwe ulegee kidogo uning'inie chini ya antena na kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya kwenda ndani.

Busta

Busta hukuza kila kinachoingia: matangazo, kelele na mawimbi ya minara ya simu. Isipokuwa na kitu safi cha kukuza, haiwezi kukiumba. Mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla ya waya kupoteza nguvu. Ikiwekwa nyuma ya televisheni, mwisho wa waya mrefu, inakuza mabaki. Aina inayokaa juu hupata umeme kupitia waya uleule wa antena, ama kutoka kwenye kifaa chake kilicho ndani ama kwenye king'amuzi, ambacho mara nyingi huwa na mpangilio wa volti 5 kwa ajili ya antena. Mpangilio huo ukiwa umezimwa, busta iliyo nzima hugeuka kuwa kizuizi.

Karibu na mnara busta ni hatari kwa picha. Mawimbi yakizidi uwezo wa kifaa, hupotoka. Dalili yake ni nguvu kusoma karibu mia huku ubora ukiruka ruka au ukiwa sifuri. Tiba ni kuiondoa. Masafa ya megahezi 700 na 800, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, sasa yamegawiwa simu za mkononi. Busta isiyochuja hukuza na hayo, na nyumba iliyo jirani na mnara wa simu hupata tabu bila kujua chanzo. Busta yenye kichujio cha mawimbi ya simu inafaa kuliko ile inayojisifu kwa desibeli nyingi. Kazi yake halali ni moja: kufidia waya mrefu na vigawanyio, pale antena iliyo mahali pake inapotoa ubora mzuri ambao hupotea njiani.

Paa lisipotosha

Yapo maeneo ambayo antena haitayamudu. Ndani ya bonde lenye kuta za milima, dishi la setilaiti ndilo jibu, kwa kuwa linatazama angani na wala halitegemei mnara wa ardhini. Lakini dishi na antena havibebi chaneli zilezile. Tanzania ilijifunza hilo mwaka 2018, mamlaka ya mawasiliano ilipowaamuru watoa huduma wa dishi za malipo kuondoa chaneli za ndani zinazotakiwa kuonekana bure, kwa hoja kwamba leseni zao haziwaruhusu kuzibeba. Nyumba zilizokuwa zimetegemea dishi peke yake zikaanza kutafuta antena.

Ghorofa za kupanga ni tatizo jingine. Kila mpangaji akipandisha antena yake, paa hujaa vyuma na kuta hujaa nyaya zinazoning'inia. Antena moja nzuri ya pamoja, yenye busta moja ya kugawa na waya uliopitishwa ukutani, huhudumia nyumba zote kwa gharama ndogo kuliko antena kumi mbovu.

Usalama haupaswi kuwa wazo la mwisho. Mlingoti wa chuma unaoanguka kwenye nyaya za umeme huua, kwa hiyo usisimamishwe mahali ambapo ukianguka utazifikia. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno; huko mlingoti uunganishwe na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini kwa waya mnene, na radi zikianza waya wa antena uchomolewe kwenye televisheni. Paa lililolowa lisipandwe kabisa.

Wajibu wa nani?

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Kenya ilirusha masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kupitia televisheni na redio. Mtoto ambaye kwao hakuna intaneti alitegemea mawimbi yale. Iwapo picha iliganda katikati ya somo la hisabati, hakuna aliyehesabu hasara hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa matokeo ya uchaguzi, tahadhari za mafuriko na matangazo ya chanjo.

Serikali zilifanya uamuzi wa kuzima analojia kwa niaba ya wananchi wote, kwa hiyo zina deni la kuwasaidia wapokee kilichobaki. Msaada huo si wa gharama kubwa. Kila kata inaweza kubandikiwa kwenye ofisi yake karatasi moja inayotaja mnara wa karibu uko upande gani, unarusha chaneli zipi za masafa, na fimbo za antena zilale au zisimame. Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kufundisha uwekaji wa antena kwa kipimo cha ubora, ili fundi asibahatishe. Wauzaji wanaweza kubanwa waandike kwenye boksi masafa ambayo antena inapokea, badala ya idadi ya kilomita isiyothibitika.

Na anayejenga nyumba leo ana uamuzi mdogo wa kufanya kabla ya lipu: kuzika bomba moja la plastiki ukutani kutoka sebuleni hadi juu ya paa. Gharama yake haifiki ya busta, na halina kinachoharibika ndani yake. Asiyejenga aanze na alichonacho. Aitoe antena sebuleni, aipandishe juu ya bati, aielekeze mnarani, abadilishe waya uliochoka, halafu asome mstari wa ubora. Wengi watakuta kwamba pesa walizotaka kununulia king'amuzi kipya zinaweza kubaki mfukoni.